Ugeni Katika Nchi Zinazofanana na Kwetu

Kila mwaka wako vijana wa kisiwa hiki cha Pemba ambao wakishamaliza masomo ya sekondari hufunga mizigo yao, wakapanda boti pale Mkoani kwenda Unguja, na kutoka huko wakaelekea nchi za Asia. Wengine huenda India kusoma vyuoni. Wengine China, Uturuki au Malaysia. Wengine hufuata jamaa zao Oman. Na siku hizi wako pia wale waendao wawili watatu, marafiki wa skuli moja, kila mmoja na mkoba wake mgongoni, kwa nia ya kutembea mji hadi mji na kuiona dunia kabla ya kuanza kazi. Jambo hili ni jema, wala sikusudii kulipinga. Wazee wetu walilimaliza kwa maneno mawili: tembea uone.

Lakini liko jambo moja ambalo naona hatulitendi sawasawa, nalo ni namna tunavyowaaga vijana hao. Kijana akipata nafasi ya kwenda Ulaya, mji mzima humwonya. Huambiwa achukue nguo nzito, achunge chakula chake, asisahau sala zake, na ajue kwamba anaweza kukaa mwaka mzima na jirani asimjulie hali hata siku moja. Akifika akayaona hayo, hashangai sana, maana alikwisha kuambiwa. Lakini kijana huyo huyo akienda Asia, hapana anayemwonya. Huambiwa maneno manne tu: "Huko ni kama kwetu." Maoni yangu ni kwamba maneno hayo manne yamewaletea wasafiri wetu taabu nyingi kuliko baridi ya Ulaya, na kwamba ni wajibu wetu sote, walimu, wazee na wanafunzi, kuacha kuyasema.

Sikatai kwamba maneno yenyewe yana asili ya kweli. Pepo za kaskazi na kusi zimetuunga na Asia tangu zamani za kale. Majahazi yalikuja na kaskazi yakileta tende, nguo na vyombo, yakarudi na kusi yakichukua boriti, pembe na karafuu. Ukisema chai, gari, pesa, chapati au laki, umekwisha kutumia maneno ambayo mtu wa Bara Hindi atayatambua bila ya mkalimani. Kanzu, biriani na sambusa, vyote vina jamaa zao ng'ambo ya bahari. Hata mkarafuu, mti ambao jina la Pemba halitajwi bila ya huo, si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika Indonesia; ukapitia visiwa walivyovitawala Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na baada ya hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Basi mtoto wa Wete au wa Chake Chake anayepanda mti wakati wa msimu, anachuma kitu ambacho asili yake ni Asia.

Lakini hebu tuitazame hiyo hiyo karafuu. Kwetu sisi bibi zetu huitia katika pilau na katika chai, na kwa mwenye jino linalouma huwa ni dawa. Indonesia huchanganywa na tumbaku ikawa sigara, ambazo wao huziita kreteki, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 karafuu nyingi za Zanzibar zilikwenda huko zikachomwa moto na kuvutwa. Kitu ni kimoja, matumizi ni mbali mbali. Huo ndio mfano wa jambo ninalotaka kulieleza. Tunafanana na watu wa Asia katika vitu, na kwa kuviona vitu hivyo tunadhani tunafanana nao katika matumizi, katika heshima, katika maana ya ndiyo na maana ya la. Hapo ndipo msafiri anapojikwaa, kwani mtu hujikwaa zaidi njiani anapodhani anapajua.

Historia inatupa mifano mizuri, na baadhi yake imepita hapa hapa pwani yetu. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili mwaka 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo, na tarehe 20 Mei akafika upande wa Calicut, mji ambao leo huitwa Kozhikode. Bahari ilimshinda mpaka alipopewa mtu wa kumwonyesha njia. Lakini nchi kavu aliingia na mawazo aliyotoka nayo kwao. Aliamini kwamba watu wengi wa Bara Hindi ni Wakristo. Kwa hiyo alipoingizwa katika hekalu la Wahindu, yeye na wenzake walidhani wamo kanisani, wakapiga magoti, wakaomba. Waliziona picha ukutani za wenye mikono minne au mitano na meno yaliyotokeza nje, wakadhani ni picha za watakatifu wao. Halafu akataka kumpelekea mfalme zawadi: vitambaa, kofia, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Watumishi wa mfalme wakacheka, kwa kuwa mfanyabiashara wa kawaida aliyefika bandarini hapo alileta zaidi ya hayo. Da Gama hakuwa mpumbavu. Macho yake yaliona alichokitarajia, basi.

Mfano wa pili ni Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Yeye alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, na karibu kila alikokwenda alikuta misikiti na makadhi. Miaka kama kumi na miwili baadaye alifika visiwa vya Maldives, akafanywa kadhi. Watu wa huko walikuwa Waislamu kama yeye, wenye kusali kama yeye, lakini wanawake wao walijifunga nguo kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Akawaamrisha wajifunike, na ingawa alikuwa na mamlaka ya ukadhi hakuweza kuibadili desturi ile; alichoweza ni kuwazuia wasiingie mbele yake barazani bila ya kujifunika. Alipofika China alisifu mabandari yake na kazi za mikono za watu wake, lakini moyo wake haukutulia. Ameeleza mwenyewe kwamba kila alipotoka nje aliona mambo asiyoyapenda, hata akawa hukaa ndani, na akikutana na Mwislamu hufurahi kama aliyekutana na jamaa zake. Mtu huyu alikwisha kusafiri zaidi ya miaka 20. Ikiwa ugeni ulimkalia yeye kifuani, kijana wa miaka 19 kutoka Konde asione haya ukimpata.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi nasi. Sultani Qaboos alipoanza kutawala Oman mwezi wa Julai mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nchi za nje warudi kusaidia kuijenga nchi. Wengi walitoka Zanzibar, Unguja na Pemba, wenye elimu na ujuzi wa kazi, na msaada wao ulikuwa mkubwa. Hawa hawakwenda ugenini. Walikwenda kwa mababu zao. Juu ya hayo, wengi wao walizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kiarabu, na walipofika wenyeji waliwaita Wazanzibari. Hapa waliitwa Waarabu, kule wakaitwa Wazanzibari. Yupo nani anayeweza kusema Oman ni kama kwetu kuliko watu hao? Na hao ndio waliolazimika kujifunza upya namna ya kusema na namna ya kukaa.

Nikitaka kulinganisha, namtaja Salim bin Abakari, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dakta Bumiller, wakaingia Urusi na kufika Siberia. Habari za safari yake zilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika kitabu cha Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Huyu hakuambiwa na mtu kwamba Siberia ni kama kwao. Alikwenda akijua kwamba kila kitu ni kigeni, na kwa hiyo alitazama kila kitu, akakieleza kwa lugha yetu. Mimi naona mtu huyo alikuwa na bahati kuliko Vasco da Gama, maana hakuwa na dhana ya kumfumba macho.

Haya ninayoyasema sikuyapata vitabuni peke yake. Nilipokuwa nikisoma chuoni India, wakati wa likizo mimi na wenzangu wawili, sote watoto wa Pemba, tulichukua mikoba yetu tukapanda treni Mumbai kwenda kusini, hata tukafika Kozhikode. Mahali hapo, kwa kutazama, ni Pemba. Iko minazi, iko ngalawa, wako wavuvi, na wanaume hujifunga nguo kiunoni kama sisi tunavyojifunga shuka. Uko msikiti wa Mishkal, uliojengwa na tajiri mwenye majahazi katika karne ya 14, ukachomwa moto na Wareno mwaka 1510, ukatengenezwa tena. Waislamu wanasali humo mpaka leo. Wenzangu walifurahi kupita kiasi. Mmoja alisema kwamba sasa tumefika nyumbani.

Furaha hiyo haikutimiza siku nne. Kwanza tuliletewa samaki aliyekaangwa kwa mafuta ya nazi. Wenzangu walizoea kuyapaka mafuta hayo kichwani, si kuyala, na mmoja akaacha kula. Kisha tulikwenda kutafuta chumba, na mwenye nyumba ya wageni alipoulizwa kama kipo, akatikisa kichwa huku na huku. Mwenzetu akaubeba mkoba wake akatoka, akiwa amekasirika kwa kukataliwa bila ya neno. Kumbe kutikisa kule kwao ni ndiyo. Mwenye nyumba alitukimbilia njiani na ufunguo mkononi. Tena tulipata kujua kwamba katika nyumba za Waislamu wa zamani wa mtaa ule, bwana harusi ndiye anayekwenda kwa mkewe, na chumba chake huwekwa katika nyumba ya ukoo wa mke. Sisi tuliozoea kuona mke akimfuata mume tulibaki tukitazamana. Dini moja, nazi moja, bahari moja, na mwenendo wa nyumba si mmoja.

Kilichomuumiza mwenzetu wa pili zaidi ya vyote kilikuwa ni salamu. Kwetu sisi mtu haingii dukani akataja sukari kabla hajauliza habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto. Kule mwenye duka alimuuliza tu, "Unataka nini?" Akaona amedharauliwa, na kila siku akarudi na neno jipya la kuwalaumu watu wa mji. Lakini siku alipopatwa na homa, mwenye duka huyo huyo alifunga duka lake, akatupeleka kwa daktari, akatungoja mpaka usiku, na alipotaka kulipwa nauli akakataa. Basi ukarimu ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Haukuwekwa katika salamu, mahali tulipozoea kuutafuta. Uliwekwa mahali pengine.

Wataalamu wanaujua ugonjwa huu, na siku hizi huuita mshtuko wa utamaduni. Mimi naona neno letu la ugeni linatosha. Bwana mmoja aitwaye Kalervo Oberg aliueleza mwaka 1954 mbele ya akina mama wa chama kimoja huko Rio de Janeiro, na maelezo yake yakachapwa mwaka 1960. Alisema kwamba mtu anapokuwa kwao huongozwa na alama ndogo ndogo elfu na moja ambazo hata hazifikirii: wakati wa kupeana mkono, namna ya kununua, lini kukubali mwaliko na lini kukataa. Akihamia kwa watu wengine alama hizo zote humtoka kwa mara moja, akawa kama samaki aliyetolewa majini. Mwanzo huona kila kitu kizuri. Kisha hukasirika, akakaa na wenzake wa kwao na kuwasema wenyeji. Kisha huanza kuelewa na kucheka. Na mwisho huzoea. Mwaka 1955 naye Lysgaard alitoa habari za Wanorwei zaidi ya 200 waliowahi kukaa Marekani, akaonyesha kwamba waliokaa baina ya miezi 6 na miezi 18 walikuwa na taabu zaidi kuliko waliokaa muda mfupi na kuliko waliokaa muda mrefu. Watafiti wa baadaye wamesema kwamba si watu wote hufuata njia hiyo, na kwamba wengi hupata dhiki tangu siku za kwanza. Lakini kwa msafiri anayeambiwa kwamba huko ni kama kwetu, ile furaha ya mwanzo huwa kubwa mno, na kuanguka kwake huwa kukubwa vile vile.

Hapa nataka kuweka mpaka, ili nisifahamike vibaya. Si kila kinachomuumiza msafiri ni mila. Mila ni namna watu wanavyokula, wanavyosalimiana na wanavyooana, nayo inataka kufahamiwa. Dhuluma ni dhuluma kila mahali, na haitaki kuzoewa. Mwezi wa Januari mwaka 2016, katika mji wa Bengaluru, kundi la watu lilimshambulia mwanafunzi wa kike wa Kitanzania kwa sababu ya ajali ya gari iliyosababishwa na mtu mwingine asiyehusiana naye hata kidogo. Kilichomponza ni kuwa Mwafrika. Watu kadhaa walikamatwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi katika mji wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wakikaa, hata mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Kijana wetu hapaswi kuambiwa azoee mambo kama hayo. Apaswa kuambiwa mapema kwamba yapo, ajue pa kukimbilia, ajue ulipo ubalozi wake, na asitembee peke yake usiku katika mji asioujua. Anayeambiwa kwamba huko ni kama kwetu haandaliwi kwa mila, wala haandaliwi kwa dhuluma. Na zaidi ya hayo hawezi kuzitenga mbili hizi. Mwenye duka asiyesalimu na mtu anayemtukana kwa rangi yake, wote wawili huwaona sawa, naye huwachukia sawa.

Najua yako maneno yatakayosemwa dhidi yangu. Wazee watasema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba nikiwafundisha vijana kufuata desturi za watu watarudi hawatujui. Nawajibu kwa heshima kwamba kuifahamu mila ya mwenzako si kuiacha yako. Mtu anayejifunza kusoma Kiingereza hakisahau Kiswahili kwa sababu hiyo. Na mara nyingi hapo ndipo anapoanza kuziona kanuni za Kiswahili chake, ambazo zamani alizisema tu bila ya kuzijua. Kadhalika mwenzetu yule aliyeumizwa na salamu hakupata kufikiri hata siku moja kwa nini Wapemba husalimiana kwa urefu. Alipoikosa salamu ndipo alipoithamini.

Wengine watachukua upande wa pili, waseme: ukenda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Methali hii tunaitumia vibaya. Haifai kijana ajifanye Mhindi India na Mchina China, kwani wenyeji wenyewe hawamtaki hivyo, na mwisho hana kwao wala kwa watu. Mgeni hatakiwi kufunga jicho. Atakiwa kulifungua zaidi. Vile vile liko jambo ambalo ni lake na hana haki ya kuliuza, kama dini yake na ukweli wa maneno yake. Lakini mafuta ya kukaangia samaki si dini, na kutikisa kichwa si itikadi. Msafiri mwema ni yule anayejua kupambanua baina ya hayo.

Sasa nitoe shauri, maana lawama bila ya shauri haijengi. Kwa skuli yetu nasema hivi: wako wazee na vijana wengi kisiwani hapa waliowahi kukaa Maskati, Mumbai, Istanbul na Guangzhou. Kila muhula aalikwe mmoja wao azungumze na wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita, si juu ya majumba marefu, bali juu ya mambo yaliyomshinda miezi ya mwanzo na jinsi alivyoyashinda. Saa moja ya mazungumzo hayo itamfaa kijana kuliko picha elfu. Walimu wa jiografia nao, wanapofundisha pepo za msimu, wasiishie kwenye shehena za majahazi. Wawaeleze wanafunzi namna mabaharia walivyokaa miezi katika bandari za watu wakingoja upepo ugeuke, na kwamba katika kungoja huko ndimo walimojifunza lugha na desturi.

Kwa wazee nasema: msimlaze mtoto Pemba kila usiku kwa simu. Siku hizi kijana akiwa Delhi huweza kuzungumza na mama yake mpaka kitanda kimwite, na asubuhi akatoka chumbani akiwa na Pemba kichwani, mji alioko hauoni. Mjulieni hali, mwombeeni dua, kisha mwacheni aende sokoni.

Kwa marafiki wanaosafiri pamoja ninayo matatu ambayo sisi tuliyafanya baada ya wiki ile ya Kozhikode, nayo yalitufaa. La kwanza, kila mmoja alipewa kazi ya kutenda peke yake kila siku, kununua mkate au kuuliza njia, maana watatu wakienda pamoja huzungumza wao kwa wao tu. La pili, tulijifunza maneno kumi ya lugha ya mahali kila siku, tukianza na ahsante na samahani. La tatu, tulipatana kwamba mwenye kulaumu jambo la wenyeji wakati wa chakula cha usiku lazima kesho yake amuulize mwenyeji sababu yake, atuletee jibu. Lawama zilipungua upesi sana, na majibu yalikuwa matamu kuliko lawama.

Mwisho, tukumbuke kwamba ugeni haumpati mtu wetu peke yake. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na wengi wamefanya kazi Mkoani katika hospitali ya Abdalla Mzee. Watalii nao hupita na mikoba yao kuelekea Ngezi, wengine wakiwa na nguo zisizopendeza barazani petu. Mara nyingi tunawacheka au tunanung'unika pembeni, na hapana anayewaeleza. Mtu wa mwenye duka wa Kozhikode hakutueleza mengi, lakini alitukimbilia tulipokuwa na shida. Sisi tunaweza kufanya yote mawili. Kijana atakayekuwa amemweleza mgeni mmoja, kwa adabu, kwa nini tunavaa hivi na tunasalimiana hivi, amekwisha kuianza safari yake ya Asia kabla hajapanda boti.

Basi tutakapokwenda tena kumuaga mwanafunzi mwenzetu pale bandarini, naomba tuyaache yale maneno manne. Tumwambie hivi: huko si kwetu, lakini kuna watu. Haya ndiyo maoni yangu, na mwenye mengine na ayaandike katika toleo lijalo tuyasome.